Taasisi ndogo za usanifu katika mipango miji yetu: tuzipokee kwa mlango upi?

Afisa wa Korongoni (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni afisa mipango miji katika halmashauri moja ya mji hapa Tanzania, na huu ni mwaka wangu wa tisa kazini. Naomba msaada wa mawazo katika jambo lililonikaa kichwani tangu mwezi uliopita, ambalo hata wenzangu ofisini hawalitazami kwa jicho moja.

Katika mtaa wetu mmoja usiopangwa pana korongo ambalo wakati wa kiangazi ni njia ya watu na jaa la taka, na wakati wa masika ni mto. Limetufikia kundi la watu sita: wasanifu majengo watatu, msanifu wa mandhari, mhandisi mmoja, na dada mmoja aliyesomea maendeleo ya jamii. Ofisi yao ni vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wamesajiliwa kama asasi isiyo ya kiserikali, hawana usajili wa kampuni ya mipango miji. Wana fedha kiasi za ufadhili, na wanataka kushirikiana na wananchi kuimarisha kingo za kipande cha korongo hilo, kujenga kivuko cha miguu, mahali pa kufulia na kiwanja kidogo cha watoto, kisha kutumia watakayojifunza kuandaa mapendekezo ya korongo zima, kuanzia kule juu linakoanzia hadi linapomwaga maji yake.

Nilikwenda kwenye mkutano wao wa tatu kwa shingo upande, kwa sababu mikutano ya wadau nimeikalia mingi na najua posho inavyogawiwa na karatasi ya mahudhurio inavyosainiwa. Nilikuta juu ya meza ya mwenyekiti wa mtaa mfano wa mtaa wenyewe, nyumba zimekatwa kwenye maboksi ya sabuni, na korongo limeonyeshwa kwa kitenge cha buluu kilichokunjwa. Kila aliyefika alipewa visoda vitatu aviweke pale ambapo maji huanza kupanda. Mama mmoja muuza mihogo hakuviweka vyake kando ya korongo kama wenzake. Aliviweka vyote vitatu nyuma ya msikiti, mbali kabisa na kitenge. Vijana walidhani hakuelewa. Akawaeleza, kwa utulivu mkubwa, kwamba wao wa nyuma ya msikiti maji hayawafuati kutoka korongoni. Huwajia kutoka kwenye kalavati la barabara ya juu ambalo mtu amelizibia ukuta wake, na korongo hupokea tu maji yaliyokwisha kupita vyumbani mwao.

Mtaa ule nimeuchora mara mbili katika utumishi wangu, na jambo hilo sikulijua.

Sasa mhandisi wetu anasema hawa ni watu wa michoro mizuri wasio na wajibu wowote kisheria. Mkuu wangu anauliza tutawaandikia barua kwa kifungu kipi. Diwani yeye anataka waanze kujenga kesho. Nami nauliza hivi: je, kazi ya makundi ya namna hii ni sehemu ya mipango miji, au ni hisani inayopita kando yake? Na kama ni sehemu yake, tuwapokee kwa mlango upi ili watakachokiacha kisibaki yatima siku ufadhili utakapokwisha? Mwenye mfano wa kweli, wa kufaulu au wa kushindwa, anisaidie.

Jirani wa Mto Ngong

Ndugu Afisa, nakujibu kutoka Nairobi. Nimekuwa mpangaji wa nyumba Kibera kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi si mtaalamu, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona.

Pengine umesikia kuhusu Kounkuey Design Initiative, taasisi ya usanifu ambayo hapa huitwa KDI. Ilianzishwa mwaka 2006 na wanafunzi sita wa usanifu na mipango wa Chuo Kikuu cha Harvard, na eneo lao la kwanza lilikuwa Soweto Mashariki, kwenye ukingo wa Mto Ngong karibu na Bwawa la Nairobi. Pale palikuwa jaa. Mto ulikuwa ukila ukingo kila msimu, na mtu akitaka kuvuka alikanyaga taka zilizoshikana kama udongo. Walifanya kazi na kikundi cha wakazi wa hapo hapo, wakajaza mawe kwenye nyavu za waya ili kushika ukingo, wakaweka daraja dogo, banda la mikutano, mahali pa watoto kuchezea, vioski na utengenezaji wa mboji. Tangu hapo maeneo ya namna hiyo yamezidi kumi humu Kibera, na kila moja lina kikundi chake cha wakazi kinacholisimamia na kupata mapato kidogo kwa huduma zake, iwe ni choo, maji, ukumbi wa kukodisha au vibanda vya biashara.

Ninalotaka ulione ni hili la mapato na usimamizi, kwa sababu mchoro peke yake hautoshi. Jirani na ninapoishi kuna choo kilichojengwa na shirika ambalo sitalitaja, choo kizuri chenye vigae, kikafunguliwa kwa ngoma na fulana. Baada ya miezi minane kilifungwa. Hakikuharibika. Watu wawili waligombania ufunguo, kila mmoja akisema aliachiwa yeye, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema ni wa nani. Hadi leo tunakizunguka tukienda kwingine.

La pili, wakazi wenyewe ndio waliowafundisha wale wasanifu kwamba kiwanja kimoja hakizuii mafuriko. Mto unakuja na maji ya mitaa ya juu, na ukimjengea mmoja ukingo imara, wa ng'ambo ya pili huuliza maji yataelekea wapi sasa. Kwa hiyo kazi ilipanuka, kutoka kiwanja kimoja kimoja hadi kutazama bonde zima na mtandao wa maeneo yanayosaidiana. Hapo ndipo mimi huona mipango miji inapoanza, ingawa hakuna aliyetumia neno hilo.

Kisha ulinganishe muda. Katika Soweto Mashariki hiyo hiyo, serikali ilikuwa na mradi wake wa kuboresha makazi. Wakazi walihamishiwa nyumba za muda Lang'ata mwaka 2009, na nyumba mpya zikakabidhiwa mwaka 2016. Sisemi kwamba mradi ule haukuwa na maana, kwani nyumba ni nyumba. Lakini katika hiyo miaka saba mtoto aliyekuwa darasa la kwanza alimaliza la saba, na kitu alichoweza kukigusa na kukichezea katikati ya muda huo kilikuwa kile kiwanja kidogo cha ukingoni.

Mstaafu wa Ardhi

Mwanangu Afisa, nimekusoma kwa makini, na huyo mama wa mihogo amenikumbusha mengi. Hata hivyo, niruhusu nikutie tahadhari, maana nimekaa katika idara za ardhi miaka thelathini na miwili na nimeona wageni wenye nia njema wakija na kuondoka.

Kwanza, mahali penyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kundi lako linataka kujenga mahali pa kufulia kwenye korongo. Nani ameandika kwa Bodi ya Maji ya Bonde? Nani ameandika kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira? Na lile kalavati la barabara ya juu, je, si mali ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini? Ukiwaachia vijana wajenge kwa barua ya diwani, siku moja atakuja mtu mwenye rangi nyekundu na kuweka alama ya X juu ya kazi ya mikono ya wananchi, naye atakuwa na haki kisheria.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, usawa. Katika miaka ya 1970 tulipofanya miradi ya viwanja na huduma Dar es Salaam, tukapima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuiboresha Manzese, tulikosea mengi, na viwanja vingi havikubaki mikononi mwa wale waliokusudiwa. Lakini tulikuwa tukihesabu kwa maelfu. Taasisi ya watu sita huhesabu kwa kiwanja kimoja. Kiwanja hicho kitapigwa picha nzuri, kitaonyeshwa kwenye mikutano ya nje, na mkurugenzi atakitaja kwenye taarifa yake kama ushahidi kwamba mtaa ule umeshughulikiwa, wakati mitaa tisa ya jirani haina hata mtaro wa udongo. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na lilinitia uchungu kwa sababu waliojenga kiwanja hawakuwa na kosa lolote.

Tatu, uwajibikaji. Katika urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, mtaa ninaoishi mimi tulichangishwa na kampuni moja, tukakabidhi fedha zetu kwa mafungu, na mchoro haujaidhinishwa hadi leo. Kampuni ile ilikuwa na usajili wote unaotakiwa, na bado tunahangaika. Sasa jiulize, kwa asasi ambayo haiko hata kwenye orodha ya Bodi ya wataalamu wa mipango miji, mwananchi atamshitaki nani?

Sikatai kwamba kuna njia. Hananasif pale Kinondoni, katika miaka ya 1990, wakazi walijenga mitaro ya mvua na barabara za ndani kwa mikono yao na kwa malipo, wakisaidiwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, na watu wa chuo chetu cha Ardhi walikuwemo. Kazi ile ilisimama kwa sababu jumuiya ya wakazi ilikuwa na katiba yake na manispaa ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo mlango upo, lakini ni mlango wa halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitambua halmashauri yako kuwa mamlaka ya upangaji. Usiukodishe wajibu huo kwa mtu, hata awe na kipaji namna gani.

Baraza la Viwandani

Mzee wetu Mstaafu, shikamoo. Hoja yako ya usawa ni nzito na mimi sitaipuuza, lakini naomba nilete mfano wa Mukuru, makazi yasiyopangwa ya Nairobi ambako nilikuwa mhamasishaji, kwa sababu unaonyesha kwamba udogo wa taasisi si lazima uwe udogo wa mpango.

Agosti 2017, Kaunti ya Jiji la Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Ni kaya zaidi ya 100,000 kwenye ardhi ambayo sehemu kubwa ina hati za watu binafsi wasioishi humo. Tangazo lilisimamisha uendelezaji mpya kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe. Kabla yake, Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa wakazi wa mitaa isiyo rasmi, mfuko wake wa Akiba Mashinani na washirika wao walikuwa wamekusanya takwimu kwa muda mrefu, zikaonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hununua maji kwa bei kubwa kuliko mkazi wa mitaa rasmi, na maji yenyewe ni mabaya zaidi. Takwimu hizo ndizo zilizofungua mlango wa kaunti.

Baada ya tangazo, mashirika zaidi ya 40, vikiwemo vyuo vikuu, wanasheria, watu wa afya, wahandisi na wasanifu, yaligawanywa katika makundi ya kisekta, kila kundi likiandaa sehemu yake ya mpango pamoja na idara husika ya kaunti. Wengi wao walikuwa wadogo kama hawa sita wa kwako. Hakuna aliyeruhusiwa kujiendea na mradi wake. Wakazi nao walipangwa kwa nyumba kumi kumi, zile kumi zikaunganishwa kuwa makundi makubwa zaidi, hadi ngazi ya mtaa, na kila pendekezo lilipaswa kushuka na kupanda ngazi hizo.

Nitasimulia jambo moja dogo ili ieleweke usanifu ulifanya kazi gani. Viwango vya kawaida vinadai njia ndogo ya makazi iwe na upana wa mita 9. Kwenye karatasi ni namba tu. Siku moja tulichukua kamba ya katani ya mita 9, tukamkabidhi mzee mmoja ncha moja mbele ya mlango wake na kijana akaivuta kukata kichochoro. Ikapita chumba cha kwanza, ikapita cha pili, ikaishia kwenye kitanda cha mtu wa upande wa nyuma. Watu wakanyamaza. Baada ya hapo mazungumzo yakageuka: njia ipi lazima ipitishe gari la zimamoto na la wagonjwa, ipi inatosha kwa mkokoteni, na ipi ni ya miguu tu. Viwango vikapunguzwa pale palipowezekana ili watu wachache iwezekanavyo wahamishwe. Kazi ya kamba ile haikufanywa na mhandisi wa kaunti wala na mwanasheria. Ilifanywa na watu ambao mafunzo yao yote ni kumwezesha mtu kukiona kitu kabla hakijajengwa.

Kuanzia mwaka 2020, Nairobi Metropolitan Services (NMS), taasisi iliyoundwa kusimamia baadhi ya huduma za kaunti, ilijenga barabara, mabomba ya maji na mabomba membamba ya majitaka yanayolazwa kina kifupi vichochoroni, na ilijenga kwa kufuata kwa sehemu kubwa yale yaliyokwisha kukubaliwa. Nisingependa kuacha upande mchungu, kwa hiyo naongeza: Oktoba na Novemba 2021 maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara, mpango ukiwa upo. Karatasi haikuwakinga. Lakini waliweza kusimama na kusema wao ni akina nani na walikuwa wakiishi wapi, kwa sababu nyumba zao zilikuwa zimehesabiwa.

Mchora Ramani wa Bondeni

Nachangia kwa ufupi. Nilikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakati wa Ramani Huria, mradi ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, ambapo wanafunzi na wakazi walichora kata zilizokuwa zikikumbwa na mafuriko na kuziweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Tulipima mitaro kwa futi mkononi: upana, kina, imejengwa kwa nini, imeziba au haijaziba. Tulipouliza maji hufika wapi, watu hawakujibu kwa maneno. Walisimama ukutani na kuonyesha kwa kiganja, huyu kwenye goti, yule kiunoni, bibi mmoja pale anapotundika khanga. Tuliandika viganja hivyo vyote kwa sentimita.

Ushauri wangu kwa mleta mada ni kwamba, kabla ya jiwe la kwanza, uwaombe hao sita wakukabidhi takwimu zote ghafi, mafaili yenyewe na si ripoti yenye picha, na ziwe wazi kwa mtu yeyote. Kiwanja kinaweza kusombwa. Kipimo cha kalavati lililozibwa utakitumia hata ukihamishiwa halmashauri nyingine na kuja afisa mwingine badala yako.

Mwana wa Ng'ambo

Assalamu alaykum. Swali la mlango limenigusa, kwa sababu Zanzibar tuna mfano ambao mlango ulikuwa wetu na mgeni ndiye aliyebisha hodi kwa adabu.

Wengi mnaijua Zanzibar kwa Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ng'ambo, yaani upande wa pili wa ile hori ya zamani ambayo sasa imefukiwa na kutuachia jina la Darajani, haikuhesabiwa kuwa mji kwa miaka mingi. Mpango wa Lanchester wa 1923 uliitazama kama tatizo la kupangiwa nafasi, ule wa Kendall wa 1958 ukaendeleza mgawanyo, na baada ya Mapinduzi wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakaja na mpango wa 1968, tukapata majumba marefu ya Michenzani yaliyokata mitaa kwa msalaba. Sina nia ya kuyadharau majumba yale. Mama yangu mkubwa amezeeka humo na anayapenda. Lakini katika mipango hiyo yote, hakuna aliyeanza kwa kuuliza Ng'ambo ni mji wa namna gani kwa wanaoishi humo.

Katika muongo uliopita, Idara ya Mipango Miji na Vijiji ya Zanzibar iliamua kuandaa mpango wa Ng'ambo kama sehemu ya kitovu kipya cha mji, na ikafanya kazi na African Architecture Matters, taasisi ndogo ya wasanifu yenye makao yake Amsterdam, pamoja na Jiji la Amsterdam. Kazi ikaitwa Ng'ambo Tuitakayo. Jina lenyewe lina uzito, kwa sababu halikutungwa kwa lugha ya mfadhili likatafsiriwa baadaye. Walitumia mwelekeo wa mandhari ya kihistoria ya miji uliopitishwa na UNESCO mwaka 2011, ambao unahesabu maisha ya watu kuwa urithi sawa na kuta. Kwa hiyo ramani haikuwa ya majengo tu. Vilitafutwa pia barza wanazokaa wazee, maskani za vijana, miti ya kivuli, na mahali ambapo mtaa mmoja humalizikia mwingine katika akili za wakaazi, hata kama hapana njia wala ukuta. Mwaka 2019 yakatoka matokeo katika kitabu cha ramani na picha za Ng'ambo, na leo mtu anayetaka kubomoa hawezi tena kusema kwamba pale hapakuwa na kitu.

Ukiniuliza kwa nini ilishika, nitakujibu kwamba idara ilikuwa na wataalamu wake waliokaa meza moja na wageni kila siku, wakachora pamoja, na mchoro ukabaki katika kompyuta za idara. Mgeni alikuja na njia ya kufanya kazi, mwenyeji akawa na mamlaka, historia na lugha. Udhaifu upo pia. Kutoka mpango hadi ujenzi ni safari ndefu, na mwekezaji mkubwa akija na mchoro wake tayari, kitabu kizuri hakina nguvu za kutosha kumzuia. Ndugu yetu Mstaafu amesema kweli kuhusu sheria, ila ningeongeza kwamba sheria inaipa ofisi mamlaka, haiipi macho. Macho tuliyapata kwa njia ile.

Afisa wa Korongoni (mleta mada)

Nawashukuru sana, na kwako Mzee Mstaafu, shikamoo na asante kwa ukali wako, maana umenionyesha mita 60 ambazo katika furaha yangu nilikuwa nimezisahau.

Niliyoyapata hapa nimeyafanyia kazi wiki hii. Nimewaandikia hao sita kwamba hatutazungumza ujenzi kabla ya kuandika hati ya makubaliano na halmashauri, wala kabla mapendekezo ya korongo zima hayajapita kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, na kwamba takwimu zote zitakabidhiwa kwetu na kwa serikali ya mtaa kwa pamoja. Mahali pa kufulia pameondolewa kwenye ukingo. Patasogezwa kwenye kiwanja cha serikali ya mtaa ambako kuna bomba. Kivuko na kingo tutaviombea kibali Bodi ya Maji ya Bonde kama kazi ya kuzuia mmomonyoko. Kuhusu kalavati, jana nilikwenda na mhandisi wa TARURA nyuma ya msikiti, na yule mama wa mihogo akatuongoza. Ukuta upo kweli, na umeacha tundu la kupitisha ndoo moja tu. Mhandisi wetu wa halmashauri, aliyekuwa akiwapinga vijana, alipiga magoti akapima tundu lile mwenyewe.

Lakini swali la Jirani wa Mto Ngong kuhusu ufunguo bado sina jibu lake. Kiwanja cha watoto na bomba la kufulia vitakuwa na lango. Ndugu Jirani, katika maeneo yanayodumu kwenu, ufunguo anashika nani?

Jirani wa Mto Ngong

Kwa lile ninalolifahamu kwa karibu, hushikwa na watu watatu kwa zamu ya mwezi mmoja mmoja, na angalau mmoja wao lazima awe mpangaji, kwa sababu wenye nyumba wakishika peke yao, mpangaji akigombana na mwenye nyumba wake hukosa maji. Anayepokea ufunguo hupokea pia daftari la mapato. Daftari husomwa kwa sauti Jumapili ya kwanza ya mwezi, pale pale kiwanjani, na yule anayekabidhi ndiye anayesoma. Majina ya watatu huandikwa kwa rangi ukutani, kando ya bomba, na hufutwa zamu ikibadilika. Mwambie msanifu wako auache wazi ukuta huo tangu kwenye mchoro, kwa kimo ambacho mtoto wa shule anaweza kuusoma, maana mara nyingi watoto ndio hutumwa maji na ndio wa kwanza kujua ni mlango wa nani wabishe hodi.